Mashine Iliyostahiwa Jomvu

Binti anayeomba kila siku apate mume mpole, wa kumkubalia kila neno, na aisome sura hii mara mbili. Na mamake aisome pia, maana sisi mama ndio tunaowasifia wanaume wa namna hiyo tukasahau kuuliza upole ule umefunika nini. Yaliyomfika Johari yalimfika kwa sababu watu wote walikuwa wema. Hakukuwa na mbaya hata mmoja katika ua ule, na hilo ndilo la kuogopa.

Johari binti Abdillahi alikuwa karani katika kiwanda cha magunia huko Changamwe. Nyuma ya kiwanda palikuwa na karakana ya mabati, na ndani ya karakana palikuwa na kijana aliyerudi kutoka masomoni Bara Hindi, anayejikimu kwa kutengeneza redio mbovu, jina lake Idarus. Siku moja Johari alipita dirishani akasikia kitu kikinguruma kidogo na kunyamaza, kikinguruma na kunyamaza. Akachungulia. Aliona mkono wa chuma umeota juu ya meza kama mti usio na majani, unashuka polepole, unabusu kizibo cha soda, unakiinua na kukiweka kwenye chumba kingine cha ubao wa dama.

"Dada, wajua dama?" yule kijana aliuliza, bila kugeuka.

"Kidogo."

"Basi ingia ucheze nayo. Haiumi."

Johari aliingia. Alikuwa amefunzwa dama na ami yake, Mzee Stambuli, tangu angali akikaa mapajani mwake, kwa hivyo ile "kidogo" ilikuwa adabu tu. Aliipiga ile roboti mpaka ikabaki na kete moja inayozungukazunguka kona kama kuku aliyepoteza vifaranga. Akatazama kama yule kijana amekasirika. Idarus alikuwa akicheka, na macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha.

"Njoo na kesho," alisema. "Tafadhali. Hakuna aliyepata kuifunza kitu kama ulivyoifunza leo."

Akamweleza. Mkono ule aliuunda kwa mota za wipa za magari yaliyokufa, na kwenye ncha akatia sumaku, ndipo ukaweza kunyanyua vizibo. Chini ya kila chumba cha ubao kulikuwa na swichi ndogo ya kuiambia kompyuta kete iko wapi. Lakini hayo yalikuwa mwili. Roho ya kazi yake ilikuwa nyingine. Hakuipa ile mashine hila hata moja ya kushinda. Aliipa sheria tu: hapa waenda, hapa huendi, ukiona cha kula ule. Mengine ilijitafutia yenyewe kwa kucheza na watu. Mchezo ukiisha ilikumbuka njia yote iliyopita. Ikiwa imeshinda, hatua zile ilizipenda zaidi. Ikiwa imeshindwa, ilianza kuziogopa.

"Kama mtoto na jiko," Johari alisema.

Idarus alimtazama muda mrefu kuliko inavyostahili kumtazama mtoto wa watu. "Profesa wangu alitumia ubao mzima kusema hayo," akasema.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia, nami simlaumu binti. Mwanamume anayefurahi kushindwa na wewe si kitu cha kuokotwa njiani.

Mamake Johari, Bi Mishi, hakufurahi. Alikuwa mjane. Binti yake mkubwa aliolewa Kisumu, na tangu hapo alimwona kwa picha. Alipoletewa habari za Idarus aliuliza neno moja tu: "Kazi yake nini?"

"Atafiti, mama. Atengeneza mashine ya kujifunza kucheza na watu."

"Hiyo ni kazi au ni mchezo?"

"Ni kazi ya mchezo."

"Basi akipata mshahara wa mchezo, aje."

Mshahara ulikuwa na njia. Chuo kimoja cha ufundi mjini kilimtaka Idarus afundishe, lakini Daktari Gona, aliyekuwa mkubwa wa idara pale, aliweka sharti. Alitaka aone mashine iliyofunzwa na watu wengi, wa kila namna, siyo na karani mmoja wa magunia. Akiridhika, Idarus angepata darasa, na harusi ingefanywa, na wangekaa Kisauni, si mbali na Bi Mishi. Asiporidhika, ilibaki ile kazi aliyoahidiwa Nairobi ya kutengeneza mashine za fotokopi, na Bi Mishi alikwisha kuapa wallahi kwamba hatatoa binti wa pili aende kuliwa na bara.

Ndipo Mzee Stambuli, ambaye ndiye aliyekuwa mahali pa baba, akatoa ua wake hapo Jomvu Kuu, walimokaa wote. "Ilete hapa," alisema. "Watu wa kuifunza dama tuko."

Ikaletwa Jumatatu, juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka. Waya wa umeme ukapitishwa dirishani. Wazee wakawa wanakuja baada ya kuswali alasiri, wanavua viatu kana kwamba wanaingia kwa watu, wanaketi mbele ya ule mkono. Wanawake walikaa mkekani upande wa jikoni, wakitazama na kuambua kunde.

Na ile mashine, siku baada ya siku, ikawa inashinda.

Alhamisi Johari alirudi kutoka kazini akakuta ua umejaa. Mzee Mbwana, aliyekuwa fundi wa kushona kanzu na kofia na mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, alikuwa ndiye amekaa kitini. Mkono ulishuka ukala kete zake tatu kwa mpigo.

"Lo," alisema Mzee Mbwana, akijipangusa uso. "Hiki kimesoma chuo gani? Mimi kwetu niliacha kushindwa tangu enzi za Mngereza."

Watu wakacheka. Idarus aliinama juu ya kompyuta yake akiwa amejaa haya na furaha. Johari alimtazama kisogoni, pale ukosi wa shati ulipoanza kuchakaa, akahisi moyo unavutwa. Kisha akautazama ubao, na moyo ule ukasimama.

Mzee Mbwana alikuwa ameitia kete yake mdomoni mwa adui. Hakukosea. Mtu anayejua dama hakosei namna ile, sawasawa na vile mpishi hawezi kutia mkono katika mafuta yanayochemka.

"Johari," Idarus aliita. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuonyesha zawadi. "Njoo ukae. Uione ilivyokua."

Johari alimtazama ami yake. Mzee Stambuli aliangalia pembeni.

"Nenda mwanangu," Bi Mishi alisema kutoka mkekani. "Cheza na mwenzio."

Alikaa, akajifunga mtandio vizuri, akacheza. Hakuchukua muda. Ile mashine ilisogeza kete mbele, ikaiacha wazi, ikangoja. Johari akala. Ikasogeza nyingine, ikaiacha wazi, ikangoja tena. Ilikuwa ikingoja apige hatua ya kipumbavu ambayo kila mzee alikuwa akiipiga tangu Jumatatu. Hatua hiyo haikuja. Kabla chai haijapoa, ubao ulikuwa wa Johari mtupu, na ule mkono umesimama hewani, haujui uende wapi.

Wazee wakatazamana.

"Umeme," alisema Mzee Mbwana. "Labda umeme ulipungua."

Idarus alikuwa anasoma kwenye kioo cha kompyuta, kidole kinashuka mstari kwa mstari, na Johari aliona rangi ikimtoka usoni.

"Imeharibika?" Bi Mishi aliuliza.

"Haikuharibika, mama," alisema polepole. "Imejifunza. Imejifunza sana. Imefunzwa kwamba ukijiweka wazi, mtu hujitoa mwenyewe." Aligeuka akawatazama wazee. "Wazee wangu, niwaulize kwa heshima zote. Mlikuwa mkicheza kweli?"

Mmoja alianza kutafuta kiatu chake.

"Mwanangu Idarus," Mzee Stambuli alisema mwishowe. "Wewe ni mgeni wetu. Na kitu hiki ni chako. Umekileta kwetu mbele ya mama mkwe na wanawake na majirani. Ningekipiga mbele yao, ningekuwa nimekupiga wewe. Mimi nilimstahi mgeni. Kila mtu hapa alimstahi."

"Mimi siku ya kwanza nilitaka kuipiga," Mzee Mbwana alisema. "Nikaona Stambuli ameiachia. Nikasema kumbe ndivyo. Ningeipiga mimi, si ningekuwa peke yangu sina adabu hapa Jomvu?"

"Lakini hii ni mashine, ami," Idarus alisema. "Haijui adabu. Kila mlichoipa ilidhani ni dama."

Sijui niseme nini juu ya wazee hawa. Nawapenda. Kama ningekuwa na binti wa kuoza, ningetaka aolewe katika ua kama ule, ambamo hata chuma hustahiwa kikija ugenini. Na bado, kwa wema wao, walikuwa wameiua kazi ya miaka ya kijana wa watu, nao wakimpenda, kila jioni wakimpigia makofi.

Mzee Stambuli alifikiri, akapata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ya namna ileile.

"Daktari huyo aja Jumamosi, siyo? Basi hapana lililopotea. Sisi tutakuwapo. Tutaketi hapa mmoja mmoja, tutacheza, tutaiachia. Itashinda mbele yake toka asubuhi hadi adhuhuri. Dama yeye aijua? Hata akiijua, ataona wazee wa Jomvu wameshindwa. Akupe darasa lako, uoe, kisha kwa nafasi yako uifunze upya. Nani ameumia?"

"Hakuna," Mzee Mbwana alisema.

"Na iwe hivyo," alisema Bi Mishi haraka, na mikono yake ikaacha kunde. Alikuwa ameiona Nairobi ikimjia, na sasa ameiona ikigeuka kurudi. "Ami yako amesema neno, Idarus. Mshukuru."

Idarus hakushukuru wala hakukataa. Alisimama akaenda upande wa kisima, na baada ya kitambo Johari alimfuata na ndoo, ili aonekane ana sababu. Bi Mishi alikuwa jikoni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Alisikia yote.

"Ungeniambia," Idarus alianza.

"Nimekwambia leo. Mbele ya watu."

"Na kabla ya leo? Wewe wajua dama kuliko wote hawa. Hukuona?"

Johari alitia ndoo kisimani. Kamba ilishuka. "Niliona tangu Jumanne."

"Jumanne."

"Yule ni ami yangu, Idarus. Alinilea. Ningesimama vipi mbele za watu niseme ami wanidanganyia mchumba wangu? Nilisema labda kesho watacheza kweli."

"Kwa hivyo na wewe ulinistahi."

Lilikuwa neno dogo, na alilisema bila kelele, lakini Johari aliiachia ile kamba ikamteleza mkononi na ndoo ikagonga maji. Wakasimama wote wawili wakitazama chini kisimani, kama kwamba ni huko lilikoanguka.

"Na kule Changamwe?" aliuliza Idarus. "Jioni zile zote? Niambie kweli. Mashine ilipoanza kukukaribia, ikakushinda ile mara ya kwanza, nikaruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bati. Uliniachia?"

Sasa alimtazama usoni. "Kule sikukuachia hata kete moja. Siku ile iliponishinda nililala na hasira. Nilifika nyumbani sikusema na mtu. Muulize mama."

Kule jikoni Bi Mishi alikumbuka siku ile ya kununa, ambayo hakupata kuijua sababu yake.

Idarus alivuta pumzi, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. "Ninayo diski ya siku zile," alisema. "Kabla sijaja hapa nilitoa nakala ya yote iliyojifunza kwako. Iko nzima. Lakini Daktari alitaka watu wengi. Nikimpa ile, nimemletea alichokataa. Nikimpa hii ya wiki hii, na wazee wakae..."

"Wakae waongope."

"Ni siku moja, Johari. Nusu siku. Kisha maisha yetu yote ni yetu. Au wewe hutaki?"

"Mimi nataka. Wafikiri sitaki? Nimekwisha kujua mpaka pazia la dirisha la Kisauni litakuwa rangi gani." Alishika ukingo wa kisima. "Lakini kisha nitaishi na mtu niliyemwona akikaa kimya watu wakimshangilia kwa kisicho chake. Kila nitakapokuuliza neno nitajiuliza, je, huyu amenijibu au amenistahi?"

"Na nikisema kweli, naenda Nairobi. Mamako keshaapa."

"Najua."

"Wanichagulia niondoke."

"Sikuchagulii kitu. Nakwambia nionavyo. Wewe ndiye uliyenizoeza."

Idarus aliinua ndoo kutoka kisimani, akaiweka miguuni mwake kwa upole, kama mtu anayeweka kitu chenye kuvunjika. "Niache nifikiri," alisema. Akaenda zake bila kuaga watu, na tangu aanze kuingia ua ule hakuwa amefanya hivyo.

Ijumaa hakuja. Mashine ilikaa chini ya shuka lake, na wazee walipopita walipunguza sauti kama mbele ya mgonjwa. Bi Mishi alimkuta binti yake anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Mwanangu, sikiza. Mimi ni mamako. Ukweli uko kila siku, hauozi. Mwanamume kama yule hapatikani kila siku. Nilikuwa simtaki, sasa namtaka, nawe ndiye wamfukuza."

"Simfukuzi, mama."

"Wamwambia aseme maneno ya kumfukuzisha. Ni mamoja."

Johari alikunja gauni moja zaidi. Kisha akauliza: "Mama, baba alikuwa akikustahi?"

"Babako?" Bi Mishi alitoa kicheko kimoja kikavu. "Babako mwaka wa kwanza wa ndoa alinambia nikiimba, kuku huhama nyumba. Nililia siku mbili."

"Na kisha?"

"Kisha sikuimba tena."

"Hukumchukia?"

Bi Mishi alichukua leso moja akaikunja, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Alipokuwa akinisifia macho yangu," alisema, "nilikuwa najua ni kweli. Kwa sababu ya wale kuku." Hapo alijisikia alichosema, akaiweka leso chini na kutoka chumbani, na siku ile hakusema tena juu ya Nairobi.

Jumamosi asubuhi Daktari Gona alifika na mwalimu mwenziwe. Alikuwa mtu mnene mtaratibu, mzaliwa wa Kaloleni, mwenye kusalimia kila mtu mpaka wanaoosha vyombo. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa, kanzu zimepigwa pasi, nyuso za watu waliokuja kushindwa. Idarus aliingia nyuma ya wageni. Hakumtazama Johari. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati lake lilikuwa lile la Alhamisi.

Alifunua shuka, akawasha. Mkono ukanguruma. Mzee Stambuli akanyanyuka kwenda kitini.

"Ami, kwa idhini yako," alisema Idarus, "subiri kidogo." Kisha kwa mgeni: "Daktari, mimi na wazee hawa tungeweza kukuonyesha mashine hii ikishinda mpaka adhuhuri. Ingekuwa raha. Lakini kwanza nataka uione ikishindwa. Johari, njoo unisaidie."

Mzee Mbwana aliguna. Bi Mishi, mkekani, alishika mdomo.

Johari akaja. Alipopita karibu naye kuketi, Idarus alisema chini sana, "Usiniachie." Naye akajibu chini vilevile, "Sijui kuachia."

Akaipiga. Ilikuwa vibaya kuliko Alhamisi. Mwalimu mwenziwe Daktari alianza kucheka, akajizuia. Na Idarus, akiwa amesimama wima mbele ya watu aliotaka wamheshimu, alieleza kila kitu. Alieleza jinsi wazee walivyoipokea mashine kama mgeni, na jinsi mashine ilivyouchukua ukarimu ule ikaufanya elimu. "Kosa si lao," alisema. "Mimi ni mtoto wa Pwani. Nilipaswa kujua kwamba nikileta kitu katika ua wa watu nikasema ni changu, hakuna atakayekipiga. Nilisoma vitabu vingi vya mashine kujifunza kutoka kwa watu. Nikasahau kuwasoma watu."

Kisha akatia diski ya Changamwe.

Mkono ule ulioshuka safari hii ulikuwa kama wa mtu mwingine. Ulingoja. Ulikaba. Ulitoa kete moja na kula mbili. Johari aliegemea mbele, akauma mdomo, na kwa muda akasahau wageni na harusi na Nairobi. Alikuwa akicheza na jioni zake mwenyewe. Kila hila iliyomkaba aliitambua, ilikuwa yake, amegeuziwa. Alishinda kwa kete moja, na jasho likimtiririka.

"Ondoka hapo, mwanangu," alisema Mzee Stambuli. Alikuwa amekwisha kusimama, mikono ya kanzu ameikunja. "Kumbe kiko na kichwa. Na kitanisamehe, leo sikistahi."

Walicheza mpaka adhana ikakaribia. Mzee alishinda, lakini alishinda kama mtu aliyevuka mto kwa kamba. Aliupigapiga ule mkono wa chuma begani, kama ungekuwa na bega.

Daktari Gona alimvuta Idarus kando, lakini ua ni ua, kila mtu alisikia. "Nimeona mashine nzuri kuliko niliyotarajia," alisema. "Na nimesikia maneno ambayo wanafunzi wangu hawajayafikia. Lakini nilitaka watu wengi, na hujaniletea. Darasa siwezi kukupa mwaka huu. Naweza kukupa chumba chuoni uendelee, na jina langu kwenye barua. Mshahara sina. Mwakani nitarudi."

"Nimekubali," Idarus alisema.

"Na Nairobi?" Mzee Mbwana alichomeka, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu.

"Nairobi nitaandika kwamba siji. Redio mbovu Changamwe hazijaisha. Nitatengeneza mchana, na jioni nitatafuta watu wa kuifunza. Makuli, walimu, akina mama. Watu wasionijua."

Wageni wakaondoka. Wazee wakaenda kuswali. Johari alibaki akiokota vizibo ubaoni, na kila alichokiokota alikishika kidogo kabla ya kukitia mkebeni. Hakujua amempata au amempoteza. Mwanamume alikuwa amebaki, lakini sharti la mama lilikuwa mshahara, na mshahara haukuja.

Bi Mishi alimwita Idarus ale ukumbini. Alimwandalia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakaa mlangoni akijipepea kwa upepeo. Mwajua, wasomaji wangu, desturi yetu. Mtu anayetafuta mke hali kwa wakwe akashiba. Humega kidogo, hulamba kidogo, huacha nusu sahani, na akiulizwa husema alhamdulillahi, ili wasije wakasema binti yao anakwenda kwa mlafi. Mabwana wakubwa wametoka kwa wakwe wakienda kununua viazi karai njiani. Na Idarus alikuwa hajala tangu Alhamisi usiku.

Aliifuta sahani. Akabaki ameitazama.

"Umeshiba?" Bi Mishi aliuliza.

Johari, nyuma ya pazia, alifumba macho.

Idarus alifungua kinywa, na lile jibu la watu wote lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Alikaa nalo. Kisha akainua uso.

"Bado, mama," alisema. "Sijashiba."

Bi Mishi alimtazama. Hakuwa na mshahara, hakuwa na nyumba, shati lilikuwa na jasho la siku tatu. Mama mwenzangu, nakuonya kama ninavyojionya: ungemtazama mtu kama huyo ukaona kasoro zake zote, ukamkosa. Bi Mishi alinyanyuka, akachukua sahani mikononi mwake, akaingia jikoni. Akasikika akikwangua sufuria mpaka chini kabisa.

Aliporudi sahani ilikuwa imejaa, na ukoko umewekwa juu.

"Kula," alisema. "Kisha ukamwambie mamako aje na posa Ijumaa. Asije peke yake, aje na wanawake wenziwe. Na uwaambie mimi nikiulizwa neno, nitajibu kweli ilivyo."